Mtu wa Pili Darasani

Kanuni ya elimu ya awali nchini Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mzazi wa Kwa Mrombo, au wa mtaa wowote wa Arusha unaopokea wapangaji wapya kila mwaka, hahitaji ripoti kujua kwamba katika shule nyingi za serikali hesabu hiyo haitimii. Ada na michango ya lazima ilipoondolewa Januari 2016, watoto walimiminika shuleni kuliko walimu walivyoajiriwa.

Pengo hilo mara nyingi huzibwa na mwalimu msaidizi. Wengine wamehitimu ualimu na wanajitolea huku wakisubiri ajira, wengine wamemaliza kidato cha nne tu. Shule za binafsi huwaajiri kabisa.

Mwalimu anapoandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, msaidizi amepiga magoti kando ya dawati la nyuma, ameushika mkono wa mtoto anayegeuza b kuwa d. Hajamaliza, penseli ya jirani imevunjika, anaichonga. Kuna aliyejikojolea na anaogopa kuchekwa. Anatolewa nje polepole, anabadilishwa kaptula, anarudishwa kabla wenzake hawajaanza kuhesabu vizibo vya soda. Kwenye foleni ya uji, msaidizi ndiye anayegundua kwamba fulani hajala tangu juzi, na ndiye anayemwambia mwalimu.

Wapo wanaosema huo ni uyaya. Hawajatazama vizuri. Mtoto asiyeweza kuunganisha silabi akifika darasa la tatu, vitabu vya masomo yote vinamshinda, na hakuna mwalimu mmoja awezaye kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa sauti katika darasa lililofurika. Anahitajika mtu wa pili.

Nchi hii imewahi kuwategemea watu wa namna hiyo. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lengo likiwa kila mtoto aandikishwe shule ifikapo 1977, vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa madarasani, wakafundisha huku wakisomea ualimu kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa wakufunzi waliowazungukia. Miaka 40 baadaye mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, uliwatumia walimu wasaidizi waliochaguliwa na jamii zao. Kwa wiki chache waliwaandaa watoto waliokosa darasa la awali, kwa hadithi, nyimbo na michezo ya Kiswahili; wengi wa watoto hao nyumbani walizungumza lugha nyingine.

Mafunzo ndiyo yaliyowafanya wafae. Kwa hilo Arusha haiko mbali na msaada: Tengeru, chini ya Mlima Meru, kipo Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Msaidizi aliyeelekezwa nini cha kutazama anaweza kumtambua mapema mtoto asiyesikia vizuri, ambaye wengine wamekwisha kumwita mtukutu.

Tatizo kubwa ni posho. Inategemea michango ya hiari ya wazazi. Ikikatika, msaidizi huondoka katikati ya muhula, na watoto waliokwisha kumzoea huanza upya na mgeni. Kamati za shule na wazazi wa Kwa Mrombo wanaweza kuanzia hapo: wakubaliane kiwango cha kila mwezi, wamwandikie majukumu yake, na mkutano ujao wa wazazi usiishe kabla jambo hili halijajadiliwa.