Komplementi: protini za damu zinazoongoza kinga ya utumbo

Ndani ya utumbo wa mwanadamu wanaishi matrilioni ya bakteria, na wengi wao wana manufaa. Kwa hiyo, kinga ya mwili mahali hapo haitakiwi kuua tu. Hutakiwa pia kujua wakati wa kujizuia.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na seli T, aina ya chembe nyeupe za damu. Hata hivyo, seli hizo hazijiamulii mambo. Miongoni mwa vinavyoziongoza ni komplementi, kundi la protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa na ini.

Jules Bordet wa Ubelgiji, mshindi wa tuzo ya Nobel ya mwaka 1919, alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 jinsi komplementi inavyosaidia kingamwili kuua bakteria. Kwa miongo mingi ilihesabiwa kuwa silaha ya damuni, basi.

Breki iliyokosekana

Mwaka 2017, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari za wagonjwa 11 walioharisha na kuumwa tumbo tangu utotoni. Protini za damu yao zilivujia utumboni, miili ikavimba. Baadhi yao damu iliganda ndani ya mishipa, jambo linaloweza kuua.

Walikuwa wamerithi, kwa baba na kwa mama, jeni mbovu ya CD55. Hii ni protini inayokaa juu ya seli na kuizuia komplementi isipite kiasi, tuiite breki.

Bila breki hiyo, seli T zao zilitoa kwa wingi TNF, kemikali inayochochea uvimbe wa ndani, na zikapunguza interleukini-10, ambayo hutuliza. Ugonjwa huo unaitwa CHAPLE, kifupi cha maneno marefu ambayo msomaji atasamehewa kutoyakariri.

Utafiti wa mwaka 2024 uliofanyiwa panya uliongeza jambo: C3, protini kuu ya komplementi, hutengenezwa hata utumboni kwenyewe, na bakteria waliomo ndio huchochea utengenezaji huo.

Agosti 2023, Marekani iliidhinisha pozelimab, dawa inayoizuia protini ya C5, kwa wagonjwa wa CHAPLE kuanzia umri wa mwaka 1. Lakini kabla ya kuanza kuitumia hupaswa kuchanjwa dhidi ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo, kwani hao hudhibitiwa na komplementi ileile inayozimwa.