Mwana Akipelekwa kwa Fundi Bati

Matokeo ya kidato cha nne yatokapo, nyumba nyingi za mwambao wetu hukaa kitako kumtafutia kijana njia. Karo ya chuo ikiwa nzito, hutajwa udereva, hutajwa kazi za Ghuba, hutajwa umeme. Ufundi wa bati hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba ni adhabu. Sisi twaona kazi hii imeonewa, na twapenda kina mama waijue kabla ya kuikataa.

Fundi bati tumjuaye wengi ni yule wa karakana, aundaye sanduku la mwanafunzi wa bweni, jiko la makaa na karai. Fundi bati wa ujenzi ni ndugu yake, ila kazi yake iko juu. Huezeka, hukunja mifereji ya paa, huunda bati la mgongo, na huziba pale paa lipakanapo na ukuta. Hapo pa mwisho ndipo nyumba nyingi huvuja, na ndipo fundi hujulikana.

Mwanagenzi huanza kwa kubeba, kushika ngazi na kunyoosha bati kwa nyundo ya mbao. Kisha hufundishwa kupima. Kijana aliyedhani hesabu ameiacha darasani hukutana nayo tena, kwani bomba la duara huchorwa kwanza juu ya bati bapa. Hupimwa kipenyo chake, kikazidishwa kwa 3.14, kisha ikaongezwa nafasi ya mkunjo wa kuungia. Akikosea kidogo, bati limeharibika, na bati ni mali ya mtu. Hujifunza pia kulitambua bati lenyewe: la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ijapokuwa namba yake ni kubwa. Wanunuzi wangapi hudanganyika hapo!

Pwani ina somo lake la ziada. Mvua za masika hutujia pamoja na kusi, kwa hiyo fundi mwelevu huanza kuezeka kutoka upande ule upepo uendako. Kila bati lifuatalo hulalia lililotangulia, na mdomo wa maungio huupa upepo mgongo. Msumari hupigwa juu ya tuta la bati, si bondeni mapitapo maji. Na kwa kuwa hewa ya bahari ina chumvi, ukingo uliokatwa na tundu lililotobolewa ndipo kutu hushikia kwanza. Hata unga wa chuma uliobaki juu ya paa baada ya kukata hufagiliwa siku hiyo hiyo, la sivyo huota kutu na kutia madoa.

Kwa mwenye nyumba, na hasa kwa yule ahesabuye madumu kila asubuhi, mfereji wa paa una thamani kuliko bati lenyewe. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 10 kwa 8, likinyeshewa milimita 20, hupokea lita 1,600, yaani madumu 80 ya lita 20. Mengine hupotea njiani, lakini mengi hufika tangini iwapo mfereji umeinamishwa vyema kuelekea bombani. Usipoinamishwa, maji hutuama, mbu wakazaliana. Na maungio ya chombo cha maji ya kunywa yasilehemiwe kwa risasi, kwani ni sumu, na watoto ndio huathirika zaidi.

Sasa lililo gumu. Wako vijana ambao miaka miwili hupita nao wangali wakibeba mabati tu, kwa sababu fundi huogopa kumlea mshindani, au kwa sababu mzazi alimkabidhi mwana kwa salamu na dua bila ya kuulizana. Twasema wazi kuwa huko si kufundishwa. Wazazi na fundi wakae, waandike: kijana atajua nini baada ya miezi sita, posho yake ni kiasi gani, na akiumia nani atamtibu. Sheria ya nchi nayo yautambua mkataba wa uanagenzi ulioandikwa. Vilevile Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini mafundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, hata waliojifunzia karakanani. Cheti hicho hakiwi badala ya mkono stadi, lakini humsaidia kijana asiyejulikana kusikilizwa na mkandarasi.

Na binti? Kupima, kuchora na kukunja hakuhitaji misuli ya ajabu. Karakana ikiwa na stara na fundi akiwa mwaminifu, hatuoni kwa nini asijifunze.

Tahadhari zisipuuzwe. Ukingo wa bati hukata kama wembe, basi glavu ni lazima, na chanjo ya pepopunda iwe imekamilika. Juu ya paa avae viatu visivyoteleza na mkanda wa kujifunga, na upepo ukivuma sana ashuke. Ramadhani, mafundi wenye busara hupanda baada ya swala ya alfajiri kunapopambazuka, wakashuka kabla jua halijapamba moto. Kazi ya kivulini, ya kukata na kukunja, huachiwa mchana. Mzazi aulize mapema kama fundi wa mwanawe hufanya hivyo.