Queen Baada ya Freddie: Nani Ana Haki ya Kuimba? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia tarehe 24 Novemba 1991, Freddie Mercury alipofariki dunia nyumbani kwake Kensington, London, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba anaugua Ukimwi. Alikuwa na miaka 45. Leo tuwageukie aliowaacha: Brian May mpiga gitaa, Roger Taylor mpiga ngoma, na John Deacon mpiga besi. Tuwageukie pia mashabiki wa Queen, ambao tangu siku ile hawajapatana juu ya jambo moja: je, wenzake hao wana haki ya kumsimamisha mtu mwingine pale aliposimama yeye?

Wapo wanaolipuuza shauri hili na kuliona ni ubishi wa watu wasio na kazi. Mimi siwaungi mkono. Shabiki aliyezisikiliza nyimbo za Queen tangu ujana wake, zikapigwa siku ya harusi yake, zikapigwa tena siku ya kumzika baba yake, ana hisa yake katika bendi ile hata kama haikuandikwa kwenye hati yoyote. Akiuliza ni nani atakayeziimba sasa, mkikaa naye mtaona kwamba analinda sehemu ya maisha yake. Sisi wasomaji wa Kiswahili nasi hatuko mbali na habari hii, kwani marehemu alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, na tangu mwaka 2019 ana jumba lake la makumbusho pale Shangani.

Tuanze na wanaokataa. Hoja yao ni kwamba Queen ilikuwa watu wanne wale wale, tangu Deacon alipojiunga mwaka 1971 hadi kifo kilipowatenganisha. Hakutoka mtu, hakuingia mtu. Miaka 20 ya namna hiyo ni nadra katika muziki wa roki. Basi mmoja akifa, wanasema, bendi nayo imekwisha. Huwataja Led Zeppelin kuwa kielelezo: mpiga ngoma wao, John Bonham, alifariki Septemba 1980, na kabla ya mwaka huo kwisha waliobaki walitangaza kwamba hawataendelea. Ikiwa hao waliacha kwa ajili ya mpiga ngoma, Queen wanaendeleaje bila mwimbaji?

Wanaokubali hujibu kwa kurudi nyuma zaidi. Kabla ya Queen, May na Taylor walikuwa na bendi iliyoitwa Smile, na mwimbaji wake alikuwa Tim Staffell. Staffell alipojitoa mwaka 1970, aliyeingia alikuwa rafiki yake waliyesoma pamoja katika chuo cha sanaa cha Ealing, kijana wa Kiparsi kutoka Zanzibar ambaye tayari alikuwa akiwafuata kwenye maonyesho yao na kuwashauri namna ya kusimama jukwaani. Kwa hiyo Freddie naye aliingia katika nafasi iliyoachwa na mtu.

Hoja hii ina ukweli, ila haifiki mwisho wa safari. Smile ilikuwa bendi changa ya London ambayo wachache sana waliijua. Freddie alipoingia, jina la zamani liliwekwa kando, akaleta jina jipya, akachora nembo kwa mkono wake, akaja na nyimbo zake mwenyewe. Hakupewa nyimbo za Staffell akaambiwa aziimbe kila usiku mpaka uzeeni. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, maana ndilo nitakalolipimia kila mwimbaji tutakayemtaja hapa: aliyeingia, je, aliruhusiwa kuanza upya, au aliitwa kulinda yaliyokwisha kufanywa?

Mzozo wenyewe uliwaka tarehe 20 Aprili 1992. Wenzake watatu walipanda jukwaa la uwanja wa Wembley mbele ya watu wapatao 72,000 katika tamasha la kumkumbuka, lililozaa mfuko wa Mercury Phoenix Trust wa kupambana na Ukimwi. Waimbaji walipokezana: Elton John, David Bowie, Annie Lennox, Robert Plant na wengine. Kisha akaja George Michael na wimbo "Somebody to Love", kwaya ikimwitikia nyuma, na watu wengi uwanjani na majumbani wakaona mrithi amepatikana. Hakuwa mrithi. Alikuwa na kazi yake kubwa mwenyewe, na Queen hawakumtangaza kuwa mwimbaji wao. Hata hivyo usiku ule uliacha mbegu. Tangu hapo kila aliyesimama mbele ya May na Taylor amepimwa kwa vipimo viwili, cha Freddie na cha George Michael wa usiku mmoja.

Mwaka 1995 ikatoka albamu ya Made in Heaven. Sehemu yake ni sauti ambazo Freddie alizirekodi Montreux, Uswisi, katika miezi yake ya mwisho, wenzake wakazijengea muziki baada ya kifo chake. Miaka miwili baadaye wakatoa wimbo mmoja wa kuomboleza, na baada ya huo Deacon akaondoka kwenye muziki moja kwa moja. Hajashiriki ziara yoyote ya Queen tangu wakati huo. Mwaka 2001, wenzake waliporekodi "We Are the Champions" pamoja na Robbie Williams, alieleza hadharani kwamba hakupendezwa. Baada ya hapo, kimya.

Kimya hicho kimekuwa silaha ya pande zote mbili. Wanaokataa husema Deacon ndiye aliyemheshimu marehemu kuliko wote, kwa kuwa alijua kikao kimevunjika. Wanaokubali husema kwamba Deacon hajawazuia wenzake, na kwamba May na Taylor wameeleza mara kadhaa kuwa hushirikishwa katika mambo ya biashara ya bendi. Kwa maoni yangu hakuna upande wenye haki ya kumsemea. Mtu aliyechagua kunyamaza kwa zaidi ya miaka 20 asitiwe maneno kinywani.

Mwaka 2004 May na Taylor walimchukua Paul Rodgers, mwimbaji wa zamani wa Free na Bad Company. Mashabiki wengi walishtuka, na ukizisikiliza sauti hizo mbili utaelewa kwa nini. Rodgers ni mtu wa bluzi. Sauti yake ni nzito, ina mikwaruzo, nayo huingia kwenye wimbo taratibu kutoka chini. Freddie aliimba kama mtu wa opera aliyepotelea kwenye roki, akiruka kutoka noti hadi noti kwa madaha. Katika nyimbo ngumu za May kama "Tie Your Mother Down", Rodgers alikaa vizuri. Katika nyimbo za maigizo za Freddie alionekana amevaa nguo isiyomtosha. Mwaka 2008 wakatoa naye albamu mpya, The Cosmos Rocks. Niseme bila kuzunguka kwamba albamu ile haikunigusa. Sababu ni kwamba nyimbo zake hazikufika ubora wa zile za kale. Tendo lenyewe la kuandika upya na kumpa mgeni nyimbo zake lilikuwa la kiungwana kuliko mashabiki wengi walivyokiri wakati ule. Mwaka 2009 waliachana kwa amani.

Mwaka huo huo wa 2009, kijana mmoja wa Kimarekani, Adam Lambert, alishika nafasi ya pili katika shindano la televisheni la American Idol, na katika fainali aliimba pamoja na May na Taylor. Alikuwa na miaka 9 Freddie alipofariki. Mwaka 2012 walifanya naye onyesho lao kamili la kwanza mjini Kyiv, Ukraine, na kuanzia 2014 ziara zikawa ndefu na viwanja vikajaa Marekani, Ulaya, Asia na Australia.

Wanaompinga Lambert husema ni mtoto wa shindano la televisheni, hakuipanda ngazi ya bendi. Wanaomtetea wana hoja ya kifundi ambayo wapinzani wao mara nyingi hawaijui. Freddie wa studio na Freddie wa jukwaani hawakuimba sawasawa. Ziara zilimchosha koo, alisumbuliwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti, na katika maonyesho aliziepuka noti nyingi za juu ambazo ulizisikia kwenye sahani, akazibadilishia njia ya chini. Taylor ndiye aliyekuwa akizipiga baadhi ya zile za juu kabisa. Lambert huzifikia noti hizo jukwaani, usiku baada ya usiku. Hilo halimfanyi kuwa mkubwa kuliko Freddie, kwani Freddie alikuwa mtunzi, mpiga piano na mtu aliyeweza kuushika uwanja mzima kwa sauti moja isiyo na maneno. Ila linaonyesha kwamba mtu huyu hakuokotwa.

Kuna kundi la tatu la mashabiki, nalo hunisikitisha kidogo. Hao walitaka achukuliwe Marc Martel wa Canada, ambaye sauti yake inafanana na ya Freddie kiasi cha kumchanganya msikilizaji. Ndiyo maana ilitumika pia katika filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018. Taylor alimjua vizuri, kwa kuwa Martel alishinda shindano la kutafuta waimbaji wa Queen Extravaganza, kundi rasmi la kuenzi nyimbo hizo ambalo Taylor mwenyewe alilianzisha. Alimweka huko, kwenye kundi la kuenzi, wala si kwenye Queen. Nadhani huo ni uamuzi wa busara kuliko yote waliyoyafanya baada ya 1991. Anayefanana mno na marehemu huwafanya watu wafumbe macho na kujidanganya, na mwimbaji mwenyewe hubaki hana jina. Journey walipita njia hiyo mwaka 2007, walipomwona Arnel Pineda wa Manila kwenye YouTube akiimba nyimbo zao kwa sauti iliyokaribiana sana na ya Steve Perry. Pineda ni mwimbaji hodari na ameifanya kazi yake kwa heshima. Lakini Perry alipopanda jukwaani na wenzake wa zamani mwaka 2017, bila kuimba hata mstari mmoja, macho yote yalikuwa kwake.

Mfano ambao wanaokubali hupenda kuutaja ni AC/DC, na hapa ningependa kukaa kidogo. Bon Scott alifariki London Februari 1980. Miezi mitano tu baadaye, Julai, ikatoka Back in Black, iliyorekodiwa huko Bahamas na mwimbaji mpya, Brian Johnson, aliyetoka bendi ya Geordie. Jalada lake lilikuwa jeusi tupu kwa ajili ya maombolezo, na sauti ya kwanza inayosikika humo ni ya kengele. Ikawa miongoni mwa albamu zilizouzwa zaidi duniani. Johnson hakungoja azoeleke kwa nyimbo za Scott. Alipewa zake, akaandika maneno yake, na msikilizaji akapata kitu kisichoweza kulinganishwa na cha marehemu kwa sababu marehemu hakuwahi kukiimba. Mwaka 2016 madaktari walipomwonya Johnson kwamba atapoteza kusikia kabisa, nafasi yake ikachukuliwa kwa muda na Axl Rose, na baadhi ya waliokata tiketi Ulaya wakadai fedha zao zirudishwe. Mtu aliyeingia kama mbadala alikuwa amekuwa asiyebadilishika.

Je, Queen wangefanya hivyo? Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wa pande zote mbili. Katika Queen wote wanne walikuwa watunzi. "We Will Rock You" ni ya May, "Another One Bites the Dust" ni ya Deacon, "Radio Ga Ga" ni ya Taylor. Anayesema kwamba May na Taylor wanatembeza mali ya marehemu amesahau kwamba sehemu kubwa ya mali hiyo waliichuma wao. Haki ya kuzipiga nyimbo zao na kumchagua wa kuziimba hawakuiomba kwa mtu, na hawapaswi kuiomba.

Jina ni jambo jingine. Jina lile Freddie alilileta, na watu wanne walilipa maana. Ndiyo sababu naitetea ile alama ndogo ya kujumlisha ambayo wengine huidharau: Queen + Paul Rodgers, Queen + Adam Lambert. Inamwambia mnunuzi wa tiketi ukweli kabla hajatoa pesa. Lambert naye huwaeleza watu jukwaani kwamba hakuja kuchukua nafasi ya Freddie, kwamba yeye ni shabiki kama wao. Uaminifu huo una gharama yake. Kwa miaka yote hii hawajatoa naye albamu hata moja ya nyimbo mpya. Johnson alipata Back in Black. Lambert amepata viwanja vilivyojaa na nyimbo za watu wengine. Namhurumia kwa hilo, na naamini angeweza kuzibeba nyimbo mpya iwapo zingeandikwa.

May alizaliwa mwaka 1947 na Taylor 1949, na mwaka 2024 May alieleza kwamba amepatwa na kiharusi kidogo. Utetezi wangu wote umejengwa juu ya watu hawa wawili kuwapo jukwaani. Siku watakapoweka vyombo chini, kampuni inaweza kushawishika kuendelea na jina, kwa vijana wa kukodi au kwa picha ya Freddie iliyotengenezwa na kompyuta. Likitokea hilo, nitakuwa upande wa wale waliokataa tangu 1991, nami nitawaomba wahariri nafasi ya kusema hivyo kwa urefu.

Wiki ijayo tutakwenda Birmingham kwa Black Sabbath, ambao mwaka 1979 walimfukuza Ozzy Osbourne akiwa hai na mwenye nguvu zake, jambo lililowapa mashabiki sababu tofauti kabisa ya kugombana.