Siku Moja ya Kukaa Gazi

Msafiri aliyevuka kivuko cha Likoni akashika njia ya kusini kwa miguu, akapita Tiwi, akapita na Diani ambako mbega wametundikiwa ngazi za kamba juu ya barabara wapate kuvuka pasipo kugongwa na magari, aghlabu huwasili Gazi, yapata kilomita 50 toka alikoanza, nyayo zake zikiwa zimefura malengelenge. Hapo nasaha yangu ni moja: asiendelee. Lengelenge ni ngozi iliyosuguliwa na jasho na kiatu hata ikaachana na ile ya chini yake, ikajaa maji. Hutaka ukavu na utulivu, na mambo hayo mawili njia haiyatoi. Misafara ya kale ya pembe, ambayo mingine iliondokea Vanga kuelekea bara, ililijua hilo, nayo ilikuwa ikikaa kambini siku nzima ili wapagazi wapumzishe mabega.

Mimi nilikaa. Asubuhi, baada ya mahamri na mbaazi za nazi, nilikwenda kwa ndara, polepole kama mzee, katika kijiji ambacho zamani kilikuwa maskani ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, yule aliyepigana na Waingereza tangu 1895 hata 1896, kisha akavuka mpaka kuingia himaya ya Wadachi, asirejee tena. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Leo watu wa Gazi hawasifiki kwa vita, wanasifika kwa biashara ambayo mgeni akiisikia hudhani anataniwa: wanauza hewa.

Maana yake ni hii. Mikoko, mikandaa na michu huvuta hewa ya ukaa, na tope lililo chini ya mizizi, kwa kuwa limelowa maji ya chumvi na halipenywi na hewa, huizuia huko kwa dahari nyingi. Miti hiyo zamani ilikatwa ikawa boriti, pau na fito za kujengea. Kuiuza hewa hiyo ni jambo la juzi tu: mradi wa Mikoko Pamoja ulianza 2013, ukihifadhi hekta 117, na walio ng'ambo hulipa kwa ukaa ule uliozuiwa. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na kusaidia skuli, nami sijui biashara yenye haki kuliko hiyo katika pwani yetu.

Jioni, maji yakijaa, nilipita juu ya daraja la mbao ambalo wanawake wa kijiji wamelijenga katikati ya mikoko, nikasimama kitambo kirefu nikiwatazama kaa wakipanda mizizi, na maumivu ya nyayo nikayasahau. Daraja hilo lina kiingilio, nacho ni riziki yao. Ewe msomaji, ukifika Gazi, kilipe kwa moyo mkunjufu, ulale, na kesho yake ushike njia ya Msambweni.