Mkanda wa fimbo ya mlimani ukilika, usiufunge fundo

Ndugu msomaji, ukiingia katika nyumba ya mwongoza watalii au mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, pale Moshi, Marangu au Machame, si ajabu kukuta nyuma ya mlango fimbo mbili nyepesi zenye ncha ya chuma. Pengine aliachiwa na mgeni aliyemaliza safari yake, pengine alizinunua mtumba. Baba huzichukua akienda mlimani, na akiwa nyumbani bibi huazima moja akapandia kilima cha kwenda sokoni. Ni chombo kizuri, lakini kina kiungo kimoja ambacho wengi hatukitazami mpaka kikatike. Kiungo hicho ni mkanda wa mkononi.

Wengi wetu hudhani kazi ya mkanda ule ni kuzuia fimbo isianguke. Kumbe kazi yake kubwa ni kubeba uzito wa mkono. Mkanda ukiwa mzima, mtu huegemea juu yake na vidole hushika mpini kwa ulaini. Ukiwa umelika, analazimika kuukaba mpini kwa nguvu saa zote. Matokeo yake ni maumivu ya kiganja, malengelenge na mikono iliyochoka mapema.

Hatari kubwa zaidi iko wakati wa kuteremka. Kutoka kilele cha Uhuru, chenye urefu wa mita 5,895, watu hushuka wakiwa wamechoka na magoti yanatetemeka. Utafiti wa Schwameder na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulionesha kuwa kutumia fimbo katika kuteremka mteremko mkali hupunguza mzigo unaolielemea goti kwa asilimia 12 hadi 25. Nafuu hiyo hupatikana mtu anapoegemea fimbo. Sasa fikiria mkanda unakatika wakati huo huo alipouegemea! Uzito wote unakwenda mbele ghafla, na mbele yake ni mawe.

Dalili za mkanda uliochoka

Chukua fimbo ulizonazo uzitazame mchana, penye mwanga wa kutosha. Kunja mkanda kwa vidole viwili, hatua kwa hatua, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Dalili za kuangalia ni hizi:

Kwanza, nyuzi zilizosimama kama manyoya, hasa pale mkanda unapoingia ndani ya mpini. Hapo ndipo husuguliwa zaidi na ndipo hukatikia.

Pili, rangi iliyopauka na mkanda uliokakamaa. Jua kali la milimani hudhoofisha nailoni hata kama kwa macho inaonekana nzima, na chumvi ya jasho huufanya mkanda uwe mgumu na wenye kukwaruza.

Tatu, mshono uliofumuka, hata kama ni nyuzi mbili tatu tu.

Nne, mkanda unaojilegeza wenyewe. Ukiurekebisha ukakaa sawa, kisha baada ya hatua chache ukarefuka tena, basi kinachoubana ndani ya mpini hakifanyi kazi yake.

Baada ya hapo mwombe mtu ashike mpini, nawe uvute mkanda kwa mikono miwili kwa nguvu zako. Ni heri ukatikie sebuleni.

Usafi kwanza

Mkanda hukaa juu ya ngozi siku nzima, hunywa jasho na vumbi, kisha hufungiwa ndani ya begi. Ukibaki na unyevu huota ukungu na kutoa harufu. Fimbo za kukodi hupita mikono mingi, na maradhi ya fangasi wa ngozi, kama mashilingi, yanaweza kuambukizwa kwa kuchangia vitu vinavyogusa ngozi.

Osha mkanda kila baada ya safari kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Sugua kwa mswaki wa zamani, suuza mpaka povu liishe, kisha anika kivulini penye upepo. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo, kwani hudhoofisha nyuzi, wala usiukaushe juu ya jiko. Mwenye kutawadha njiani naye akaushe mikono kabla ya kuvaa mkanda. Ngozi yenye maji huchubuka haraka, na mchubuko ndio mlango wa vijidudu.

Namna ya kuubadilisha

Fimbo nyingi hubana mkanda kwa kabari ndogo ya plastiki iliyo juu ya mpini. Vuta mkanda kuelekea juu na kabari italegea. Nyingine zina kifuniko, na chini yake kuna skrubu au pini inayopita katikati ya mkanda. Ifungue taratibu kwa bisibisi na uweke vipande vyote kwenye kisahani visipotee. Kabla hujautoa mkanda wa zamani, angalia vizuri unavyopita, au upige picha kwa simu.

Beba mkanda huo wa zamani mpaka kwa fundi mabegi au fundi viatu, ukiwa umeuosha. Mwambie akutafutie mkanda wa begi wa nailoni wenye upana na unene ule ule. Unene ni jambo la msingi: ukiwa mwembamba, kabari haitaubana, na ukiwa mnene, kabari haitaingia. Urefu nao uwe sawa na wa zamani, na ubakize nafasi ya kupitisha mkono uliovaa glavu, kwa maana usiku wa kwenda kileleni baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri.

Ncha zilizokatwa zipitishwe karibu na moto wa kiberiti mpaka ziyeyuke kidogo zisifumuke. Fanya hivyo mahali penye hewa, mbali na watoto, na usiguse plastiki ya moto kwa kidole. Mahali pa kuunganisha, ncha zilaliane kiasi cha sentimita 4 au 5. Fundi ashone kwa uzi wa nailoni umbo la mraba, kisha apitishe mshono wa msalaba katikati yake. Mshono wa mstari mmoja hautoshi. Upande ulio laini ndio uguse ngozi. Kama mikanda yako ni ya kulia na kushoto, usiichanganye.

Ukishairudisha kabari, ikandamize mpaka ikae sawa na mpini, kisha rudia lile jaribio la kuvuta. Mwisho, tembea nayo siku mbili tatu katika njia za kawaida kabla ya kuipeleka mlimani.

Mambo ya kuepuka

Usifunge fundo. Fundo hupunguza nguvu ya mkanda, na uvimbe wake hukandamiza kifundo cha mkono mpaka vidole vinaingia ganzi. Usiunganishe kwa waya au pini ya nguo, kwani vitakuchana. Gundi peke yake isitegemewe. Wala usitoboe mpini ili upitishe kamba, maana tundu hilo litaudhoofisha.

Uvae ipasavyo

Mkanda mpya hauna faida ukivaliwa vibaya. Ingiza mkono kutoka chini ya kitanzi kwenda juu, kisha shusha kiganja ushike mpini pamoja na mkanda, ukipita kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Usikaze kupita kiasi. Katika baridi ya Kibo, mkanda unaozuia damu unaweza kuviponza vidole.

Ziko sehemu ambazo mkono unatakiwa utoke kabisa kwenye mkanda: unapovuka mto, unapopita penye mawe ya kuteleza, na unapokwea kwa mikono kama kwenye ukuta wa Barranco. Ukianguka huku mkono umefungwa, fimbo huweza kukivuta kidole gumba kwa nyuma na kuchana kano zake. Kidole gumba kikivimba na kushindwa kubana kitu baada ya kuanguka, nenda hospitali, usisubiri kwa kukandwa tu. Kwa bibi au babu anayetumia fimbo moja, msisitizo ni huo huo: mkanda uwe mpana na mlegevu kiasi cha kuutoa mkono kwa haraka.

Ndugu msomaji, kazi hii yote haizidi alasiri moja, na kipande cha mkanda wa begi si kitu cha kumfilisi mtu. Goti lililovunjika mlimani humrudisha nyumbani mwenye nalo akiwa amebebwa, na familia ikakosa riziki kwa miezi. Kwa hiyo kabla baba, kaka au dada hajaondoka kwa safari ijayo, shika fimbo zake leo jioni, kunja mkanda kwa vidole viwili, na uuvute.