Kwa nini trekta la zamani lina breki mbili

Msimu wa kulima alizeti ukikaribia, maswali ya matrekta huongezeka. La safari hii limetoka Kiomboi, Iramba: kwa nini Massey Ferguson 135 ina pedeli mbili za breki, moja ya gurudumu la nyuma la kushoto na moja ya la kulia?

Jinsi breki inavyobana gurudumu tuiache. Fundi yeyote atakueleza. Utamu wenyewe uko kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawa nguvu ya injini bila kuyalazimisha magurudumu yaende mwendo mmoja.

Chukua maksai wawili wenye nira moja, mnyororo wa plau umefungwa katikati yake. Kila mmoja akipiga hatua moja, plau nayo inasogea hatua moja. Sasa wa kushoto asimame. Wa kulia akipiga hatua moja, nira inakwenda upande na katikati yake inasogea nusu hatua tu. Ili plau isipunguze mwendo, maksai wa kulia apige hatua mbili. Na kwa kuwa mnyororo uko katikati kabisa, uzito unawaangukia sawasawa, hata mmoja akitangulia. Difu ni nira hiyo iliyofanywa izunguke bila kufika mwisho, ila hapa katikati ndiko kunakosukuma. Vigia vidogo vinavyocheza kwenye pini yake ndivyo vinavyoruhusu upande mmoja utangulie na mwingine ubaki.

Basi difu ikizunguka mara 20 kwa dakika, kila gurudumu linazunguka mara 20. Kanyaga breki ya kushoto mpaka gurudumu lake lisimame, la kulia linafika mara 40, na trekta linageuka papo hapo. Mwisho wa shamba, kwenye udongo uliotifuliwa, magurudumu mepesi ya mbele huteleza hata ukikata usukani wote. Hapo breki ndiyo usukani.

Faida ya pili utaiona kwenye tope la mbuga ya Wembere. Gurudumu moja likizama na kuzunguka bure, mwenzake naye hakosi kudhoofika, kwa sababu difu hugawa sawa: likipata kidogo hili, na lile linapata kidogo. Kanyaga kidogo breki ya hilo linalozunguka bure. Likipata kizuizi cha kushindana nacho, nguvu inapanda pande zote mbili, na lililo kwenye udongo mgumu linalitoa trekta.

Ukiingia barabarani, ziunganishe pedeli kwa kipingo chake, na fundi ahakikishe breki zote mbili zinashika pamoja. Kuteremka Sekenke na tela la magunia huku ukibana gurudumu moja ni kulipindua trekta. Kama kipingo kimepotea, fundi wa kuchomelea akutengenezee kingine kabla hujajaza dizeli.