Mtutu, Risasi na Dhamira ya Mwindaji

Kusini ya Milima ya Uluguru nchi huteremka hadi tambarare za Kisaki, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambayo kabla ya mwaka 2019 ilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Mkulima wa huko akikutana alfajiri na nyati mwenye risasi tumboni, halimsaidii neno kuambiwa kwamba bunduki iliyompiga ilikuwa halali.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile Na. 12 ya 1974, hukataza sumu, tanzi na mashimo ya kunasia. Kwa tembo na nyati, kanuni za uwindaji zadai mtutu usiopungua kipenyo cha inchi 0.375, yaani karibu milimita 9.5. Kwa nini kipenyo? Kwa sababu askari wa wanyamapori aweza kukisoma pale kilipochapwa juu ya bunduki. Utulivu wa mkono hausomeki popote.

Hata hivyo kipimo hicho kina maana. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Risasi ya 0.375 yenye gramu 19.4, ikitoka kwa kasi ya meta 770 kwa sekunde, huwa na jouli 5,750 hivi. Risasi ndogo ya 0.22, yenye gramu 2.6 na kasi ya meta 330, haizidi jouli 142. Tungamo limezidi mara saba na nusu tu, lakini nishati imezidi mara arobaini. Mwanafunzi na aikague hesabu hiyo mwenyewe.

Lakini nishati haijui moyo ulipo. Mwanzoni mwa karne ya 20 W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja huko Uganda, aliua tembo wengi kwa bunduki ya milimita 7, ambayo leo isingefikia kiwango cha kanuni. Alikuwa amepasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. (Wapo wanaomtaja Bell ili kutetea bunduki ndogo; msumeno wake hawautaji.)

Sasa tumchukue mtu mwenye leseni na bunduki ya 0.375. Jua linakaribia kutua, nyati wamesongamana, umbali ni meta 200. Risasi ngumu yaweza kumpenya nyati mmoja na kumjeruhi wa pili aliye nyuma yake. Nguvu ileile iliyodaiwa na kanuni ndiyo inayoleta madhara hayo. Mwenye gobore, ambalo mtutu wake hauna mifereji ya kuizungusha risasi, analazimika kunyemelea hadi karibu sana, au aache. Mwenye bunduki ya kisasa halazimishwi na chombo chake. Ni yeye wa kujizuia.

Juu milimani, katika msitu wa hifadhi ya Uluguru, suala la bunduki ipi halipo, maana uwindaji hauruhusiwi. Huko adui wa minde, paa adimu wa milima ya Tanzania, ni tanzi la waya, lisilochagua jike wala mtoto.

Kule bondeni, sheria humtaka aliyemjeruhi mnyama wa hatari afanye kila jitihada kummaliza. Nyayo na matone ya damu hufuatwa mchana. Aliyefyatua jua likizama amebakiwa na dakika chache za mwanga, na Kisaki watu huamka mapema kwenda mashambani.